Fundi Rangi Anataka Cheti

Hapa Nyamwage, ukuta wa shule ukihitaji ramani ya Tanzania, mimi ni mwalimu. Malipo yakija, mimi ni fundi rangi. Watoto nimewafundisha kuchanganya rangi mpaka kijani cha mikoko kikatoka chenyewe, lakini nikigusia habari ya ajira naulizwa, "Mzee, cheti kiko wapi?"

Basi nimeamua kusoma. Kumbe mwenye mvi hasomi, anasindikiza. Kijana wa stesheneri nilimwomba anifungulie fomu ya chuo mtandaoni. Akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Jina la mjukuu nani?"

Njia zipo, tena nyingi, ila hakuna inayoanzia hapa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanarasimisha ujuzi wa tuliojifunzia mtaani: wanakupima kazi, wanakupa cheti. Sawa, lakini hicho kitasema mimi ni fundi, jambo linalojulikana kijiji kizima, hasa na wanaonidai hela ya rangi. TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa tangu 1981, ila ukitoka huko wewe ni msanii, bado si mwalimu. Ukiuliza ualimu wa sanaa unatajiwa chuo cha Butimba. Butimba ya Mwanza! Mimi Mbagala tu nikifika miguu imevimba. Na matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Nina 44, mvi zangu zina 60.

Kinachoniuma ni kuzaliwa nimechelewa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Watu wazima walikuwa wanatafutwa kama lulu. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi pale Oysterbay, akawafundisha ndugu na jamaa zake bila mtu kumuuliza namba ya mtihani. Leo jina lake ni mtindo mzima wa uchoraji. Angekuja kuomba kufundisha huku kwetu, angeishia kupewa soda na kuonyeshwa ukuta.

Mama Zaina naye: "Baba Zaina, ukimaliza kusoma, wenzio watakuwa wanastaafu."

Nikamwambia vizuri, nitaripoti moja kwa moja kwenye mafao. Hakucheka. Alichukua hela ya fomu, akamtuma mtoto unga.