Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Soko la Dunia

Mheshimiwa,

YAH: MAOMBI YA KUONANA NA MWAJIRI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wabanguaji wa korosho wa Masasi na Newala. Kila msimu, bei ikiporomoka mnadani, tunaambiwa umepanga wewe. Tukiuliza ajira zilikokwenda, tunajibiwa umeamua wewe. Kwa kuwa mambo yote yako mikononi mwako, tumeona tusiwasumbue wasaidizi wako wa hapa nchini.

Miaka ya 1970 nchi ilikopa, ikaleta mitambo ya Italia na Japani, viwanda vya kubangua vikasimama hadi huku kwetu. Kisha korosho zikapungua: kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 miaka ya 1980, kwa wakulima kuhamishiwa vijijini, bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vikafungwa, baadaye vikauzwa kwa wawekezaji walioahidi kuvifufua. Vingi viligeuzwa maghala. Tunakiri, ni maghala mazuri: korosho ghafi hulala humo zikisubiri meli ya kwenda India na Vietnam kubanguliwa na wengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaturuhusu kuanzisha chama cha wafanyakazi tukifika 20. Ishirini tunao, ila kila mmoja yuko barazani kwake. Anakaanga korosho kwenye bati, anapaka majivu viganjani, anagonga ganda moja moja. Mafuta ya ganda yanambabua vidole hadi alama zinafutika. Akienda kusajili laini ya simu, mashine haimsomi. Hushauriwa arudi vidole vikipona, yaani msimu ukiisha. Malipo yake ni kwa kilo iliyobanguliwa. Likizo, uzazi na matibabu anajitegemea.

Mgomo nao tunaujua. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei minadani, wanunuzi nao wakasusa, hadi Novemba Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kusomba mzigo. Tukajifunza kwamba mwenye fedha akisusa, nchi nzima inashtuka. Mbanguaji akisusa, jirani yake anaongezewa gunia.

Tusidhani lakini kwamba unatuonea sisi tu. Kollam, kule India, wanawake wabanguaji wana vyama vya miaka mingi. Mwaka 2015 kima chao cha chini kilipopandishwa, viwanda vingi vilifunga milango, na Vietnam ilikuwa na mashine tayari. Haki yako, Mheshimiwa, haibagui.

Hivyo tunaomba:

1. Utujulishe ofisi yako ilipo, tujue lango la kugomea.

2. Umteue mtu mwenye mkono wa kusaini mkataba wa hali bora.

3. Hayo yakishindikana, korosho zisipande meli zikiwa na maganda. Zikibanguliwa hapa, mwajiri atakuwa hapa, na kuongea naye tutajua wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wabanguaji,
Masasi na Newala

Nakala:
Wabanguaji wenzetu, Kollam: kwa taarifa, nanyi mtuandikie.
Wamiliki wa maghala yaliyokuwa viwanda: kwa utekelezaji, mkianza na kutafuta mashine zilipo.