Shangingi la Umeme: Ulikodi au Ulinunue?

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyeko Marekani, tuseme Houston, ambaye gari ameshaliona, ameshalipenda, na picha yake ameshaituma kwenye kundi la ukoo. Gari lenyewe ni shangingi la umeme: BMW iX, Rivian R1S, Mercedes EQS SUV au mojawapo ya ndugu zao. Sitamwambia akanunue Corolla. Kazi amefanya, hamu ni haki yake, na magari haya ni mazuri kweli: hayana ngurumo, huondoka taa ikiwaka kijani kabla jirani hajakanyaga mafuta, na mama mkwe akikaa kiti cha nyuma husinzia. Ninachotaka ni hamu hiyo isimfilisi.

Hatua ya kwanza: kula ushibe. Nasema kwa dhati. Kukamilisha karatasi za gari dukani kunaweza kula nusu siku, na sehemu kubwa ya muda huo umekaa unamsubiri muuzaji aliyekwenda "kuongea na meneja". Mwenye njaa husaini. Ukishashiba, muache nyumbani yeyote ambaye ameshachagua rangi, maana muuzaji atamtambua kabla hamjafika mezani, na kuanzia hapo atakuwa anazungumza naye yeye. Nenda na yule shemeji ambaye kwenye shughuli huhesabu sahani.

Mkishakaa, mtaulizwa: "Ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?" Usijibu. Mwambie muafikiane kwanza bei ya gari. Malipo ya mwezi yanaweza kufanywa madogo kadiri upendavyo, kwa kurefusha mkopo hadi miezi 84 au kwa kukudai kianzio kikubwa, na ukitaja kiasi basi muuzaji atakifikia, nawe utatoka ukidhani umeshinda. Wengi wameumizwa na swali hilo, watu wenye akili zao na shahada zao.

Sasa hesabu, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo penye uamuzi wote. Mkataba wa kukodi, yaani kulipia gari kwa miaka michache kisha kulirudisha, husimama juu ya tarakimu tatu: bei mliyoafikiana, thamani ambayo kampuni inayokukodishia inakadiria gari litabaki nayo mkataba ukiisha, na kitarakimu cha riba. Hicho cha tatu huandikwa kwa namna ambayo macho hukiruka, mathalani 0.0025. Kizidishe kwa 2,400. Unapata 6, yaani riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Muuzaji akikuambia kwenye kukodi hakuna riba, mzidishie hapo hapo mezani, kwa sauti, shemeji akisikia. (Muislamu anayekimbia riba naye asifikiri kukodi kumemvusha tayari: mkataba huo una vipengele, kama adhabu ya kuchelewa kulipa, ambavyo ni vyema avisome na sheikhe anayeyajua masharti ya ijara, yaani ukodishaji wa kisharia, kabla ya kalamu kugusa karatasi.)

Chukua gari la dola 90,000, mkataba wa miezi 36, na kampuni ikadirie kwamba mwishoni litakuwa na asilimia 55 ya thamani, yaani dola 49,500. Utalipia dola 40,500 zinazopotea, ambazo ukizigawa kwa 36 ni 1,125 kwa mwezi. Kisha jumlisha 90,000 na 49,500, zidisha kwa 0.0025, upate kama 349. Jumla ni dola 1,474 kwa mwezi kabla ya kodi. Mwenzio akilinunua gari hilo hilo kwa mkopo wa asilimia 6 wa miezi 72, bila kianzio, atalipa kama dola 1,490. Tofauti yenu kwa mwezi haizidi dola ishirini.

Baada ya miaka mitatu, mwenzio bado anadaiwa kama dola 49,000 na gari liko uani kwake. Wewe hudaiwi mkopo wowote, ila una haki ya kulinunua kwa 49,500 ikiwa mkataba unaruhusu. Soko likisema gari lina thamani ya dola 38,000, mwenzio ana deni linalozidi gari kwa dola 11,000; wewe unarudisha ufunguo na kwenda kunywa chai. Soko likisema 56,000, wewe nawe unaweza kulinunua na kupata faida. Kampuni imebeba hasara ya mporomoko, na faida ya kupanda imekuachia mlango wazi. Kwa gari la petroli ambalo bei yake inajulikana itakwenda wapi, haki hiyo haina uzito mkubwa. Kwa shangingi la umeme ni mali.

Kwani mporomoko huo tumeushuhudia. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei ya Model Y Long Range kutoka dola 65,990 hadi 52,990. Aliyenunua Desemba alilala na gari la thamani moja akaamka na la thamani nyingine, na deni lake benki halikupungua hata senti. Hertz, kampuni ya kukodisha magari yenye wachumi na wanasheria wa kila aina, ilitangaza Oktoba 2021 kwamba itanunua Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kuuza magari ya umeme 20,000, kama theluthi moja ya yote iliyokuwa nayo, na kuandika hasara ya dola milioni 245 kwa kushuka kwa thamani. Ikiwa hao hawakuiona bei ya baadaye, mimi na wewe tusijidai. Betri zinaboreshwa, viwanda vinashindana, na toleo la mwaka kesho linakwenda mbali zaidi kwa chaji moja. Yote hayo ni habari njema kwa dunia na habari mbaya kwa bei ya gari lililokwisha kutoka dukani.

Kuna jambo limebadilika ambalo matangazo ya zamani na marafiki wa zamani bado wanalisimulia. Chini ya sheria ya mwaka 2022, mnunuzi aliweza kupata nafuu ya kodi ya dola 7,500, ila SUV isizidi dola 80,000 na kipato chake kisizidi kiwango kilichowekwa. Aliyekodi aliyakwepa masharti hayo, kwa sababu kisheria mwenye gari alikuwa kampuni ya fedha, na kampuni ilipewa dola hizo kwa njia ya magari ya biashara, kisha mara nyingi ikamshushia mteja. Ndiyo maana mashangingi yalikodiwa kwa wingi. Nafuu zote hizo zilikoma kwa magari yaliyochukuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Leo ukiona punguzo kubwa kwenye tangazo, ni la kiwanda chenyewe. Uliza kama linatolewa kwa anayekodi tu au hata kwa anayenunua, kwa sababu mara nyingi si sawa.

Kwa hiyo nashauri kukodi? Kwa gari jipya la aina hii, ndiyo, na sisiti. Lakini kuna watu ambao mkataba wa kukodi utawatafuna, na jamii yetu imejaa watu hao.

Wa kwanza ni mtu wa misiba na harusi. Mikataba ya bei nafuu huruhusu maili 10,000 kwa mwaka, na kila maili inayozidi hutozwa mara nyingi kati ya senti 25 na 30. Kutoka Houston hadi Dallas na kurudi ni kama maili 480. Ukienda mara moja kwa mwezi, kwa arusi, kwa arobaini, kwa kumpokea mgeni, umeshatumia maili 5,760, na kazini bado hujakwenda. Usiache kuzika watu ili kuokoa maili. Nunua maili zaidi mwanzoni, ambapo huwa rahisi, au kodi gari la siku kwa safari ndefu.

Wa pili ni yule anayebeba sufuria za pilau. Siku ya kurudisha gari huja mkaguzi, na kampuni nyingi hutumia kipimo kimoja kwa mikwaruzo: ikizidi ukubwa wa kadi ya benki, unalipa. Madoa ya mchuzi kwenye zulia la buti, unalipa. Mpira uliolika, unalipa, na magari haya ni mazito kwa sababu ya betri, hivyo matairi yake ya inchi 21 au 22 huisha upesi na bei yake inauma. Tandika turubai nene nyuma tangu siku ya kwanza. Ukiona turubai linaharibu heshima ya gari, basi wewe si mtu wa kukodi.

Wa tatu ni anayewaza kulipeleka nyumbani likizeeka. La kukodi haliruhusiwi hata kupanda meli bila idhini ya mwenyewe. La kununua nalo lina usukani wa kushoto: Kongo, Rwanda na Burundi litafaa, ila Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, wala yaliyozidi miaka minane.

Mpangaji wa ghorofa lisilo na chaja simpi ushauri wa kukodi wala kununua. Soketi ya kawaida ya volti 120 huchukua zaidi ya siku tatu, usiku na mchana, kujaza betri ya kilowati-saa 110 iliyokwisha. Apate kwanza mahali penye volti 240.

Ukikubali kukodi, toa kianzio kidogo kabisa. Muuzaji atakusihi uweke dola 8,000 ili mwezi uwe mwepesi. Gari likigongwa na kuharibika kabisa wiki ya pili, bima itamlipa mwenye gari, ambaye ni kampuni, na dola zako 8,000 kwa kawaida hazirudi. Zikae benki kwa jina lako. Jiandae pia kwa mambo ya jimbo: Texas, kodi ya mauzo ya asilimia 6.25 huhesabiwa kwa bei nzima ya gari hata likikodiwa, na kampuni humtwika mteja. Pia gari jipya la umeme hulipa dola 400 usajili wa kwanza na 200 kila mwaka baadaye, juu ya ada za kawaida.

Na kama moyo wako unataka kumiliki, iko njia ninayoipenda kuliko zote: nunua lile alilolirudisha mwenzio. Gari la miaka mitatu lililotoka kwenye mkataba bei yake imeshaanguka mikononi mwa mtu mwingine, maili zake zilihesabiwa, na dhamana ya betri, ambayo kwa kawaida ni miaka 8 au maili 100,000, bado ina miaka mitano mbele. Omba ripoti ya afya ya betri kabla ya kulijaribu barabarani, kwa sababu baada ya kulijaribu hutaiomba tena.

Aliyekodi naye, miezi mitatu kabla ya mwisho, apeleke gari kwa wanunuzi wawili watatu wampe bei kwa maandishi, alinganishe na ile 49,500, kisha asome kama mkataba unamruhusu kuliuza kwa mtu wa nje au lazima alinunue yeye kwanza. Kampuni kadhaa zimefunga mlango huo. Kipengele hicho kitafutwe siku ya kusaini, shemeji akiwa bado mezani.