Uzito Wangu, Fedheha ya Mke Wangu

Uswahilini mwili wa mtu ni mali ya mtaa mzima. Ukinenepa kidogo, mama wa genge anakuwahi kabla hujasalimia: "Shemeji, ndoa imekukubali!" Ukipungua haulizi kitu. Anakutazama tu kwa huruma, kisha anakuongezea nyanya moja bure.

Kupungua kwenyewe niliamriwa zahanati. Muuguzi alinipandisha kwenye mzani, akagonga kikokotoo: kilo zangu, ugawe kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Jibu likatoka 31. "Kuanzia 30," akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, "tunaita kiribatumbo." Mimi nilidhani ni aina ya samaki. Baadaye nikasoma kwamba hesabu hiyo aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, naye alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, wala si daktari. Mtu mwenye mbingu nzima ya kupima, kitambi changu kilimhusu nini?

Sharti la kwanza: punguza mafuta. Kwa Kiingereza mafuta ya kwenye sahani na mtu mnene hubeba jina moja, basi Mwingereza akilamba siagi tu anahisi tumbo limeshaota. Kwetu ng'ombe hunona, mtu hunenepa, na mafuta hayamo kwenye kesi hiyo. Yako ya kula, ya taa, ya gari na ya kupaka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alichagua ya kupaka. Akanifichia chupa bafuni, nami nikawa natembea mjini miguu imepauka kama nimetoka kupiga matofali, huku samaki wa nazi akiendelea kutua mezani, tui zito la kwanza.

"Mama, hili nalo si mafuta?"

"Mafuta wapi, baba! Hilo tui."

Hata hivyo nilipungua, na aliyeumbuka ni mke wangu. Kwenye kikoba shoga zake walimvuta pembeni: mumeo anaumwa, au umesusa kupika?

Nikapeleka suruali kwa fundi cherehani azipunguze kiuno. Akanipima, akanitazama usoni, akanipima tena. Hakukata. Alizikunja kwa ndani, akaacha kitambaa cha kutosha.

"Mambo yakikaa sawa, kaka," akaninong'oneza, "zilete nizifumue."