Namna ya Kuziba Mashua Kuukuu Bila Kumsumbua Fundi

Ndugu mwenye mashua, hongera. Chombo chako kimeshafika umri wa kuitwa marehemu, lakini bado kinaelea, na kila asubuhi unakikuta na maji ya kutosha kufugia changu. Majirani wanakuhimiza umwite fundi wa kalafati. Usiwasikilize. Fuata mwongozo huu; umeshajaribiwa na wengi, na baadhi yao wanajua kuogelea.

Kwanza, usihangaike kutafuta tundu. Maji yakionekana tezi, ziba tezi. Fundi atakwambia kwamba maji huweza kuingilia omo, yakateremka kimyakimya juu ya mkuku hadi yapate pa kutulia, kwa hiyo penye maji sipo penye ufa. Hayo ni maneno ya mtu anayelipwa kwa siku.

Pili, pamba. Mafundi wa Nungwi huisokota, wakailoweka mafuta ya nazi au sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka hadi mtaa wa pili, kisha huishindilia baina ya mbao kwa patasi butu: ngo, ngo, ngo, kutwa nzima. Wewe chomeka mfuko wa rambo. Plastiki haishiki mbao, itachomoka kwa wimbi la tatu, lakini Tanzania Bara imepiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia. Kwa hiyo hujaziba ufa tu, umeficha na ushahidi.

Tatu, ukilazimika kutumia pamba, usiwe bahili. Mashua iliyolala juani wiki kadhaa, mbao zake hukauka na nyufa zikaachama. Fundi hujaza kwa kiasi, akijua mbao zitavimba zikishakunywa maji. Wewe shindilia mpaka mpini ulalamike. Mbao zikivimba zitatafuta pa kwenda, na misumari itazipisha.

Nne, saruji. Ubao hujipinda kila chombo kinapopanda wimbi. Saruji haipindi kwa mtu. Itafanya ufa, maji yatajificha nyuma yake, ubao utaoza gizani. Nje patabaki laini kabisa, na mnunuzi haoni nyuma ya saruji.

Tano, vyuma vya sitahani. Ulipoanza kupakia watalii ulitoboa sitaha ukafunga nguzo za turubai kwa bolti, na sasa mvua ya masika inapenya. Dawa yake inajulikana: fungua nati, ng'oa chuma chote, kwangua uchafu wa zamani, acha tundu likauke kweli, paka dawa ya kuzibia chini ya kitako na kuizunguka bolti, ndipo ukaze. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Wewe zungushia silikoni kwa juu, kama urembo wa keki ya harusi. Maji yatapata njia nyingine, yatakula mbao bila kelele, na siku ya upepo nguzo itaondoka na turubai lake, na mtalii aliyeishika.

Sita, achana na deheni. Kuchoma makuti chini ya chombo ili kuua wadudu watobozi, kisha kupaka chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ni kuwanyima riziki viumbe wa Mungu. Paka rangi ya buluu, andika ubavuni "Tawakali". Jina hilo litafaa, maana hutakuwa na kingine cha kutegemea.

Ukichoka na mwongozo huu, tazama mwezi. Bamvua huja unapoandama na unapopevuka. Maji yakijaa, pandisha mashua juu kabisa ya ufuko, iegemeze magogo, mwite fundi, mpe pamba na sifa, umwache atafute tundu kwa nafasi yake. Mpaka siku hiyo, abiria wa kwanza kupanda awe ndoo.