Bibi wa Barazani: Kaskazi Imeingia, Barua Zote Zina Jasho

Kwa wasioijua, safu hii ni ya mambo ya nyumba na unyumba. Kusi ikivuma mnaniandikia habari za mawifi, mahari na watoto wasiotaka skuli. Kaskazi ikishaingia, hakuna anayenikumbuka ila kwa AC. Haya, nimezichukua barua zenu nikaja kuzisomea Forodhani, maana kule ndani hakukaliki. Ukiona herufi zimevuja wino, hilo ni jasho la mwandishi, si machozi.

*Bibi, shikamoo. Nyumba yangu inatazama bahari. AC ya chumbani ina miaka 11. Kila kaskazi fundi huja akatia gesi, ikapoa vizuri, na kaskazi ya pili gesi imekwisha tena. Anasema ni kawaida, AC zikikua hula gesi. Niendelee kuilisha au ninunue mpya? — Mtia Gesi, Shangani*

Marahaba, mwanangu. Anayekula hapo ni fundi wako. Gesi ya AC si petroli ya vespa. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa: inabeba joto la chumbani, inakwenda kulitupa nje, inarudi. Haiungui wala haipungui. Ukiona imepungua, pana tundu.

Fundi wa kweli hakimbilii mtungi. Kwanza hushindilia naitrojeni kwenye mabomba, kisha hupaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo na kutazama wapi panachemka mapovu. Pakichemka kwenye nati, shukuru Mungu: atakata bomba, atautanua mdomo wake upya, atakaza, na AC yako itasukuma miaka mingine. Lakini wewe ni mtu wa Shangani. Toka nje, ufike kwenye mtambo wa nje, uyaparuze kwa ukucha yale mapezi membamba ya nyuma. Yakimomonyoka yakawa unga mweupe kidoleni, huna haja ya kuniandikia tena. Chumvi ya bahari ikishika unyevu huigombanisha shaba na aluminiamu, na siku zote aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mapezi yakiisha, joto halina pa kutokea, kompresa inahema usiku kucha, na mabomba yenyewe yanaanza kutoboka. Ukiziba leo, kesho panavuja pembeni yake. Hapo huitii AC gesi, unaipulizia bahari kwa mafungu, tena kwa fedha zako.

Kisha soma kibandiko cha ubavuni. Kikiwa kimeandikwa R22, hiyo ni gesi inayoaga. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioipa notisi, kwa vile inatoboa tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu mwisho wake ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mashine kongwe. Kila mwaka itazidi kuadimika. Na fundi akikwambia atakutilia R410A humo humo, mfungulie mlango atoke: mkandamizo wa R410A ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa R22, na mabomba yako hayakutengenezwa kwa vita hiyo. R410A yenyewe nayo siku zake zinahesabika, kwa makubaliano yaliyofikiwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, kwa kuwa inapasha dunia joto mno. Ukinunua mpya, tafuta ya R32. Hiyo hushika moto kidogo, basi fundi asije na sigara mdomoni. Na uulizie mtambo wa nje ambao mapezi yake yamepakwa dawa ya kuzuia chumvi. Muuzaji akikukodolea macho, nenda duka la pili.

*Bibi, mume wangu ni hodari wa hesabu. AC ya sebuleni tuliinunua kabla ya lile giza la 2009. Nikimwambia imezeeka, anatoa miezi mitatu ambayo Unguja nzima haikuwa na umeme. Anasema huo si umri. Sasa kasoma mahali kuwa Wamarekani wana kanuni ya dola 5,000, na kwa kanuni hiyo AC yetu bado bikira. Umeme wa tukuza tunanunua leo, keshokutwa mita inalia. Nimjibu nini? — Mke wa Hasibu, Malindi*

Mpe hongera zangu, mtu kama huyo hapatikani kirahisi. Ni kweli, tangu Desemba 10, 2009 hadi Machi 2010 tulikaa na mishumaa na majenereta. Lakini kilichokatika ni umeme. Hewa ya chumvi haikukatika hata siku moja, na Malindi mko nayo mdomo kwa mdomo.

Kanuni yenyewe ipo. Chukua umri wa AC, zidisha kwa gharama ya matengenezo kwa dola. Jibu likivuka 5,000, nunua mpya. Kwao ina maana, kwa sababu kule fundi akigonga hodi tu umeshalipa fedha nzito. Tuilete Malindi. Tuseme fundi wako anachukua sawa na dola 40. Ili jibu lifike 5,000, AC itabidi iwe na miaka 125, yaani iwe imenunuliwa yapata 1900, zama za Sayyid Hamoud, wakati Willis Carrier, baba wa AC mwenyewe, alikuwa bado hajaunda mtambo wake wa kwanza. Huo aliuchora 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn. Kwa hesabu ya mumeo, AC yenu watairithi vitukuu, na wao watamwita fundi.

Anakosea pa kutazama. Huku fundi ni rahisi, umeme ndio ghali. Bili ya fundi inawadanganya watu wengi kwa udogo wake: anakuja, anachukua chake, mnamshukuru, na AC inaendelea kuwala kimyakimya ukutani. Basi mpe hesabu ya kufanya, atafurahi. Kwanza chujio lioshwe, koili za ndani na nje zipigwe maji, na kapasita ipimwe. Vumbi si uzee, na kapasita ni kijikopo cha bei ndogo ambacho kimezisingizia maradhi AC nyingi nzima. Baada ya hapo asome mita kabla ya kulala na tena alfajiri, usiku mmoja AC ikiwaka, usiku mwingine ikiwa imezimwa, na vitu vingine vyote vya nyumbani vibaki vilevile. Tofauti ndiyo inayoliwa na AC.

AC ya kizamani ya BTU 12,000 huvuta kama kilowati moja, au moja na kitu, kila kompresa inapofanya kazi. Iliyo nzima huipoza sebule, kompresa ikapumzika, ikaamka tena. Yenu ikiwa hainyamazi tangu saa mbili usiku hadi adhana ya alfajiri, mtakuta uniti tisa au zaidi zimekwenda. Mpya ya inveta, kwa sebule ileile, yaweza kupunguza theluthi, pengine karibu nusu. Azidishe uniti zitakazookolewa kwa idadi ya siku mnazoiwasha kwa mwaka, kisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya tukuza. Jibu la miaka miwili au mitatu likifikia bei ya AC mpya, atainunua mwenyewe na ataniambia ilikuwa rai yake. Mwache aseme.

(Na ninyi mnaolalamika kuwa AC inadondosha maji kitandani: bomba la kutolea maji limeziba ukungu. Lipulizwe. Msinunue mashine kwa ajili ya bomba.)

*Assalaam aleikum, Bibi. Nyumba yetu ya urithi ni ya mawe. AC ya chumba cha juu imekufa. Fundi anataka kuutundika mtambo wa nje wa AC mpya ukuta wa kichochoroni, juu ya mlango wa nakshi, maana ndiko karibu. Kaka anasema nyumba ya babu haitaki AC. Dada anataka madirisha ya alumini ili baridi isitoke. Nani yuko sawa? — Mrithi Mmojawapo, Hurumzi*

Waaleikum salaam. Fundi ndiye aliyepotea zaidi. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe; kabla ya kuutoboa ukuta wa mbele, mguu wa kwanza uwe huko. Mtambo upande juu ya paa, au ukae uani usikoonekana. Tena si kwa ajili ya macho ya watalii tu. AC usiku wa kaskazi hukamua maji hewani hadi ukajaza ndoo. Ukuta wa matumbawe na chokaa huyanywa maji hayo bila kusema kitu. Chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza mahali usipoweza kuziona, mpaka siku sakafu inapokujulisha. Bomba la maji lishuke hadi chini kwenye mfereji, lisiishie hewani.

Kaka ana nusu ya haki. Waliojenga mji huu joto walilijua. Tazama Beit al-Ajaib hapa mgongoni pangu, ya Sayyid Barghash, 1883: alizizungushia ghorofa zake roshani pana ili jua lisiziguse kuta za vyumba. Ukuta mnene wa mawe hulipokea joto pole pole mchana na kulirudisha pole pole usiku, ndiyo maana chumba cha juu kinawaka saa tatu usiku wakati nje kumeshapoa. Fungeni mashata mapema asubuhi, myafungue magharibi ikiingia, feni izunguke, mjaribu hivyo kwanza. Lakini kama ndani mna mgonjwa au mzee, msimfanyie majaribio ya kihistoria. Nunueni.

Dada, mwanangu, alumini hapana. Mashata ya mbao yatengenezwe, nyufa zizibwe. Na mkienda dukani msipimwe kwa upana wa sakafu peke yake. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa vile boriti haizidi sana mita tatu, lakini dari zake ziko juu mno. Mkisahau kuutaja huo urefu, mtauziwa kijimashine kitakachokimbia usiku mzima bila kufika.

Kuhusu nani alipe: anayekilalia chumba alipe AC, warithi wote walipe paa.

*Bibi, ndugu yangu ananiletea kutoka Dubai AC iliyotumika mwaka mmoja tu. Nipokee? — Mpokea Kontena, Darajani*

Mwaka mmoja wa Dubai, yakhe, si mwaka mmoja wa Unguja. Kule kiangazi AC haizimwi. Na nani mwenye akili zake anang'oa AC nzuri ya mwaka mmoja? Akutumie picha ya kibandiko. Ikisomeka R22, mwambie alete tende.

*Bibi, tangu AC iharibike mume wangu kila baada ya Isha huenda Forodhani kupunga upepo, hurudi saa sita usiku ananuka mishikaki. Anasema tukinunua AC mpya atakaa nyumbani. Nimwamini? — Niliyeachiwa Feni, Vuga*

Usitoe hata senti sasa. Ngoja Julai, kipupwe kikiwa kimeingia na watu wanatafutana mablanketi. Akibaki nyumbani, alisema kweli, na utainunua AC bila kinyongo. Akiendelea kutoka, AC haikuwa na kosa, na uniandikie barua nyingine. Mimi nakaa hapahapa kila jioni na macho yangu bado yanaona mbali, lakini leo tunazungumzia AC.

*Bibi, unatuharibia riziki. Februari simu yangu hailali, Julai nacheza bao kutwa. Sasa unawafundisha watu sabuni! — Fundi, Mchangani*

Mwanangu, shida yako umeitaja mwenyewe. Waambie wateja wako waamue Julai. Hapo utakuwa na nafasi ya kuosha, kupima na kutafuta tundu kwa utulivu, na wao watakuwa na nafasi ya kuzunguka maduka ya Mlandege wakilinganisha bei. Wa Februari huchukua chochote kilichobaki dukani, kwa bei yoyote, na wewe unakifunga kwa haraka kwa sababu wengine saba wanakusubiri, kisha nati inavuja, kisha ananiandikia mimi. Anza na kwangu. Njoo Julai, siku yoyote baada ya alasiri, na uje na ngazi yako. Yangu kaazima jirani tangu Ramadhani na hajairudisha.