Korongo Ahesabu Mabati

Nyumba za panya wa Ujiji ni za zama za misafara: fito, udongo, baraza mbele, na paa la nyasi lenye upenu mrefu unaofunika ukuta kama buibui. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone mjini hapo, babu zao walikuwa darini wakichungulia wakadhani mzigo wa nafaka umeingia. Kisha reli ikafika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko. Ni mwendo mfupi tu, ila ulitosha. Ujiji ikabaki na miembe na hadithi, na kila masika ukuta mmoja ukilala chini.

Meya wa wanyama alikuwa Kobe. Mzee mstaarabu, hana neno na mtu. Ila aliyezaliwa na nyumba mgongoni hajapata kulipa kodi ya pango wala kuvujiwa usiku, na kwake nyumba ni jambo lililokwisha.

Mvua zilipoanza akatua Korongo, atokaye Ulaya kila mwaka, na habari ya fungu la kuhuisha miji iliyochakaa. (Binadamu nao mwaka 2010 walitunga Sheria ya Ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, na mwaka huohuo Benki ya Dunia ikaridhia mkopo wa Miji ya Kimkakati, Kigoma-Ujiji ikiwamo. Barabara za lami tumeziona. Mimi nasimulia ya panya.)

Kikao kilikaa chini ya mwembe. Korongo atatoa fedha. Kobe atatoa kibali. Fisi Maji, fundi wa kutoka Kibirizi, ndevu bado zinanuka migebuka, atajenga. Panya watachangia nguvu zao, na mkopo pia wataulipa wao, kidogokidogo, hata vitukuu wasiusikie uzito.

"Nitakagua mwenyewe," alisema Korongo, "ila kwa juu. Miguu yangu haiingii vichochoroni."

Fisi Maji akatabasamu.

Bi Buku, mkongwe wa mtaa, akanyoosha mkono. "Shikamoo Mstahiki. Fedha nimeisikia, paa nimelisikia. Ukuta umo fungu la nani?"

"Marahaba, Bi mkubwa. Ukuta umo awamu ya pili," alijibu Kobe, akaingiza kichwa ndani. Makofi yakapigwa.

Kiangazi kizima nyundo zililia. Nyasi zikashushwa, mabati yakapanda. Mkataba ulihesabu nyumba arobaini, haukupima bati, basi Fisi Maji akakata kila upenu. Vipande alivyobakiza akaezekea banda lake la kuanikia dagaa. Sasa paa likawa limeishia palepale ukuta unapoishia, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

"Baba," Bi Buku alimwambia, "maji ya paa yataangukia wapi?"

"Chini, mama."

"Chini ni ukutani."

"Mama, hayo ya utaalamu tuachie sisi."

Novemba mvua ikashuka kutoka milima ya Kongo, ikavuka ziwa, ikapiga mabati hata mtu asimsikie wa pembeni. Maji yalichuruzika kwenye udongo usiku kucha. Asubuhi Bi Buku aligusa ukuta, kidole kikazama mpaka kiganjani. Wiki ya tatu kuta zikaanza kukaa chini, taratibu, kama wazee wanaotafuta mkeka. Hakufa mtu. Paa moja baada ya jingine likatua juu ya tope, zima, bila kupinda hata bati moja. Fisi Maji alikuwa amepigilia misumari vizuri, haki yake apewe.

Desemba Korongo akarudi. Akapita juu ya Ujiji mara mbili, jua likiwaka mabatini, akahesabu. Arobaini yalikuwa arobaini. Akamwandikia Kobe barua ya pongezi, akauliza kama Kasulu nako kuna panya.

Chini ya paa la tisa Bi Buku alikuwa anachimba mlango.