Tenga la Nyanya Halina Kosa

Gari likizimika barabarani, wasukumaji hawakosekani. Wanatoka kijiweni bila kuitwa, wanainama nyuma ya buti, mishipa ya shingo inawatoka, na gari haliendi popote. Hapo maelezo huanza: gari ni zito, barabara ina kilima, fulani hajanywa chai. Ni nadra mtu kwenda kuchungulia kama breki ya mkono imeachiwa. Nashikilia kwamba vijiajali vyetu vingi vya kila siku, vile tunavyomtupia shetani au jirani, vinatokana na kosa moja la hesabu: tunaihesabu kani tunayoitolea jasho wenyewe na kuzisahau nyingine zote. Isaac Newton alichapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, na kwa mujibu wa ile ya pili, ukitaka mchapuko wa kitu unagawa kani tokeo kwa tungamo lake. Kani tokeo ni ile inayobaki baada ya kani zote kujumlishwa na kutoana. Jasho halimo kwenye hesabu hiyo.

Tulipigie hesabu gari lenyewe, maana hapo ndipo penye uhondo. Lina kilo 1,200, liko kwenye lami tambarare, na breki ya mkono sasa imeachiwa. Wasukumaji ni watatu, kila mmoja anatoa nyutoni 100. Ukinzani wa magurudumu tuukadirie kuwa nyutoni 180. Mia tatu ukitoa mia na themanini, zinabaki 120. Gawanya kwa 1,200, unapata mchapuko wa mita 0.1 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde kumi gari linakwenda mita moja kila sekunde, na dereva anaweza kujaribu kuliwasha. Sasa mmoja wa watatu hao ategee, aweke viganja juu ya buti kama anayeliombea gari dua. Wengi watasema nguvu imepungua theluthi moja, basi na mchapuko umepungua theluthi. Wapi! Zimebaki nyutoni 200, ukinzani uko palepale 180, kwa hiyo kani tokeo ni 20 tu. Mchapuko umeshuka hadi moja ya sita, na baada ya sekunde zilezile kumi gari linajikokota sentimita 17 kwa sekunde. Mtegaji mmoja ameila kazi ya wenzake karibu yote. Na mwenye gari aliyeketi ndani akipiga honi kuwahimiza haongezi hata nyutoni moja, anaongeza tungamo.

Kwenye daladala kosa ni lilelile, ila hapa kani inayosahauliwa ni ile isiyokuwepo. Gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde. Bodaboda inakatiza, dereva anakanyaga breki, na gari linasimama ndani ya sekunde mbili: mwendo umepungua mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye njia katikati ya viti kuna tenga la nyanya la kilo 20. Ili lisimame sambamba na gari linahitaji nyutoni 100 za kulirudisha nyuma. Sakafu ya bati iliyosuguliwa na viatu vya abiria kwa miaka tuikadirie kutoa msuguano wa nyutoni 60, basi. Tenga linapunguza mwendo mita 3 wakati gari linapunguza mita 5. Gari linasimama baada ya mita 10. Tenga, likiachiwa nafasi, lingehitaji karibu mita 16.7. Tofauti ni mita sita na ushee, na ndani ya Coaster hakuna nafasi hiyo. Nyutoni zilizopungua zinatolewa na muundi wa abiria wa kiti cha mbele, ambaye anapaza sauti kwamba tenga limemrukia. Halikumrukia. Hadi linamfikia, hakuna kani hata moja iliyokuwa ikilisukuma mbele; lilikuwa likiendelea na safari waliyoianza pamoja.

Watu watauliza, na wana haki, kama kuna anayechora mishale ya kani huku amesimama kwa mguu mmoja. Hakuna. Lakini konda anayepiga kelele "shikeni bomba" ameshaichora kwa niaba ya wote. Abiria wa kilo 70 anahitaji nyutoni 350 ili asimame pamoja na gari. Zisipotoka kwenye soli za viatu na bomba, zitatoka kwenye mgongo wa jirani. Wengine watasema takwimu hizi ni za kukadiria, na kweli ni za kukadiria, kwa kuwa msuguano hubadilika kwa vumbi, maji na ubovu wa sakafu. Ila ongeza msuguano wa tenga kutoka nyutoni 60 hadi 80, na bado litateleza. Pingamizi linaloniuma zaidi linawahusu watunga maswali. Vitabu vya shule vimejaa sakafu laini isiyo na msuguano na kamba isiyo na uzito, vitu ambavyo havipatikani Kariakoo wala Gikomba. Hilo nalikubali: mwanafunzi aliyelelewa kwenye sakafu hiyo hana sababu ya kukumbuka kutoa. Dawa yake ni kumpa swali la pili lenye sakafu chafu, na alama nyingi ziwe huko.

Kuna pia wanaocheka kwamba hata walimu wa fizikia huanguka kwenye daladala. Huanguka, kwa sababu kani iliyokokotolewa daftarini haizuii kitu mpaka mkono ushike chuma. Kwa hiyo, mama mwenye nyanya, tenga liegemeze kabisa kwenye kizuizi kilicho nyuma ya kiti cha dereva. Nyutoni 40 zinazokosekana zitatoka hapo, na mguu wa mtu utabaki mzima.